Mafundo Sitini

Baba alikuwa na birika lake,
lake peke yake, kama kila mwanamume wa kijiji chetu,
limepigwa weusi na makaa hata jina la kiwanda halisomeki.
Chai ilichemka, ikamiminwa, ikanywewa
kabla mvuke haujajua pa kwenda.
"Isiyochoma," alisema Annaberdi, baba yangu,
"si chai. Ni maji ya kumwogeshea mtoto."

Siku moja akaja Maral, muuguzi kutoka Gonbad,
viatu vimejaa vumbi la uwanda,
na daftari, na kipimajoto cha kioo.
Matunda mwala mara ngapi?
Mama akacheka: tikiti wakati wa kiangazi,
komamanga, akiolewa mtu.
Mboga? Kitunguu.
Mkate?
Ah, mkate! Asubuhi mkate, adhuhuri mkate,
usiku mkate na mafuta ya mkia wa kondoo.
Akatumbukiza kipimajoto katika bakuli la baba;
zebaki ikapanda kama mbuzi aliyeona shayiri.
"Sabini na mbili," akaandika.
Baba akauliza kama hiyo ni alama ya kufaulu.

Wapo wasemao maji ya moto hayachomi nyumba.
Nyumba ipi?

Mwaka wa tatu mkate ulianza kumkwama.
Akalaumu unga wa siku hizi.
Akauloweka katika chai, ukapita.
Kisha haukupita.
Kisha mchuzi uliochujwa kwa kitambaa,
kisha mtindi, kijiko kwa kijiko,
hata mate yake mwenyewe yakawa mgeni
abishaye hodi mlango usiofunguliwa.

Daktari alituchorea umio nyuma ya kisanduku cha dawa:
mrija, na katikati ya mrija fundo.
Mimi ni mfumaji wa mazulia, fundo nalijua.
Nilitaka kumwambia, nionyeshe ncha ya uzi,
nipe kisu changu kidogo, nipe jioni moja.

Baada ya kaburi mama hakugusa birika.
"Nilimmiminia mimi," alisema,
"miaka arobaini na moja, kwa mkono huu,
na nikichelewa alinuna."
Na jirani yetu Gurbandurdi je?
Alikunywa chai ile ile, moto ule ule,
akafika tisini na moja,
akauawa na farasi.

Nilimpelekea Maral swali hilo kama anayepeleka deni.
Hakunipa jibu la haraka.
Hatari si hukumu, alisema.
Ni mzani. Chai ya kuunguza ni jiwe,
tumbaku ni jiwe, mwaka mzima bila tunda ni jiwe,
na damu ya ukoo nayo ina jiwe lake.
Jiwe lililomwangusha baba yako silijui, Ogulbeke.
Najua tu lile unaloweza kuliondoa.

Basi nimepanda mche wa parachichi? La, huku haumei.
Nimepanda nyanya na spinachi nyuma ya zizi,
kondoo wamekula nusu.
Kipimajoto sina.
Ila nimegundua hivi: nikimimina chai
nikarudi kwenye kitanda cha kufumia,
nikafunga mafundo sitini, mekundu na meupe,
bila kuharakisha, bila kuhesabu kwa sauti,
bakuli hushikika kwa viganja viwili
na ulimi hausemi kitu.

Kaka yangu hucheka. Hunywa yake ikitokota,
jasho likimtiririka, hunitazama kwa huruma.
Simbishii. Nasogeza bakuli lake karibu na dirisha,
kidogo tu, kila anapogeuka.

Fundo la hamsini na nane.
La hamsini na tisa.
Mama ameketi kando yangu, anangoja nami,
na kwa mara ya kwanza tangu mazishi
ameweka mkono wake juu ya birika,
akauacha hapo.